Daftari na Mipaka: Zana za Kumbukumbu Katika Mabadiliko ya Tawala za Mitaa, Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Historia ya tawala za mitaa katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imeandikwa zaidi kwa kufuata mambo matatu: ardhi, ukabila na vita. Jambo la nne halijapewa uzito unaolistahili, nalo ni zana ambazo tawala hizo zilizitumia kuhifadhi kumbukumbu zake. Makala haya yanachunguza yaliyozipata zana hizo kila mara mipaka ya utawala ilipounganishwa, ilipogawanywa au ilipofutwa katika wilaya mbili za jimbo hilo, yaani Masisi na Walikale.

Neno teknolojia linatumika hapa kwa maana pana. Teknolojia ya ofisi ya serikali za mitaa si mashine peke yake. Daftari la kodi, kadi ya sensa, muhuri, ramani na taipureta ni teknolojia sawa na kompyuta na kisoma alama za vidole, kwa kuwa vyote ni vyombo vya kuamua nani ni nani, anaishi wapi na ana haki gani. Tawala mbili zinapounganishwa, hapana budi kuamua ni daftari la nani litakalotumika, litaandikwa kwa lugha gani, litatunzwa wapi, na yale ya zamani yatakwenda wapi. Uamuzi huo huonekana mdogo ukilinganishwa na ule wa kuchora mpaka. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba, katika Masisi na Walikale, uamuzi wa mpaka ulitangulia kila mara, na uamuzi wa kumbukumbu ukaachwa kama shughuli ya makarani. Matokeo yake ni kwamba mzigo wa kuthibitisha yaliyopotea uliangukia mabegani mwa mwananchi.

Wilaya hizo mbili zinapakana lakini hazifanani. Masisi ina eneo la kilomita za mraba 4,734, nyingi zikiwa milima yenye rutuba na watu wengi. Walikale ina kilomita za mraba 23,475, ambazo ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo zima, na sehemu yake kubwa ni msitu. Masisi imegawanyika katika sheferi mbili, Bahunde na Bashali, na sekta mbili, Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ina sekta mbili tu, Wanyanga na Bakano. Sheferi ni eneo linalotawaliwa na mwami kwa kufuata mila ya ukoo unaotambuliwa, ilhali sekta ni muungano wa jamii kadhaa chini ya mkuu asiyetokana na ukoo mmoja wa kitawala. Tofauti hiyo haikutokana na mila peke yake. Ni zao la maamuzi ya kiutawala ambayo yanafaa kuelezwa kwanza.

2.0 Kutoka Kumbukumbu ya Wazee Hadi Daftari

Kabla ya utawala wa Kibelgiji, Wahunde na Wanyanga hawakuwa na dola moja kubwa. Kila bonde au kilima kilikuwa na mwami wake na washauri wake. Mtafiti Daniel Biebuyck, aliyeishi miongoni mwa Wanyanga katika miaka ya 1950 na aliyeandika utendi wa Mwindo kutoka kwa mghani Candi Rureke mwaka 1956, alieleza jamii iliyogawanyika katika tawala ndogo ndogo nyingi. Katika tawala za namna hiyo, kumbukumbu za mipaka, ndoa, madeni na haki za kuwinda zilikuwa vichwani mwa watu waliopewa dhima ya kuzitunza. Wanyanga waliwaita washauri wa mwami bakungu. Ukoo mmoja ulipojiunga na mwingine, washauri wake walikuja pamoja na kumbukumbu zao. Kuunganishwa kwa watu na kuunganishwa kwa kumbukumbu lilikuwa tendo moja.

Serikali ya kikoloni ilitenganisha mambo hayo mawili. Amri za mwaka 1906 na 1910 zilizitambua sheferi kuwa sehemu za utawala. Katika miaka ya 1920 tawala ndogo za Wahunde ziliwekwa pamoja chini ya mwami mkuu mmoja, Kalinda. Kisha amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ikapanga upya utawala wa wenyeji katika koloni zima. Jamii zilizoonekana kuwa kubwa ziliendelea kuwa sheferi. Zile zilizohesabiwa kuwa ndogo mno kujitegemea zikaunganishwa kuwa sekta. Kila eneo, likiwa sheferi au sekta, lilipewa sanduku lake la fedha, mahakama yake na makarani wake. Kwa maneno mengine, kila eneo lilipata madaftari yake.

Sababu za kuunganisha zilikuwa za kihesabu. Utawala mdogo usingeweza kulipa mshahara wa karani, polisi na mkuu wake. Utawala mkubwa uliweza. Kwa hiyo ukubwa wa eneo ulipimwa kwa gharama ya zana za ofisi kama ulivyopimwa kwa idadi ya watu. Jambo hili husahauliwa wakati sekta za Walikale zinapozungumzwa kana kwamba ni makabila. Sekta ya Wanyanga ina ndani yake makundi ya vijiji kama Kisimba, Ihana, Ikobo na Luberike, na kila kundi lina historia yake ya kitawala. Yaliyowekwa pamoja mwaka 1933 na miaka iliyofuata ni madaftari ya kodi. Washauri na kumbukumbu zao walibaki vijijini.

Chombo kingine cha kipindi hicho kilihusu mwendo wa watu. Mwenyeji aliyetaka kuhama kutoka eneo moja la utawala hadi jingine alihitaji cheti cha uhamisho, ili afutwe katika daftari la alikotoka na aandikwe katika lile la alikokwenda. Utaratibu huo ulikuwa wa kukandamiza, kwani ulizuia watu wasikwepe kodi na kazi za lazima. Hata hivyo, una funzo la kiufundi. Ulikubali kwamba mtu anapovuka mpaka, kumbukumbu yake lazima ivuke pamoja naye. Haukueleza lolote kuhusu hali iliyo kinyume chake, yaani pale mtu anapobaki nyumbani kwake na mpaka ndio unaomvuka. Hali hiyo ndiyo iliyotokea Gishari.

3.0 Gishari: Sheferi Iliyoundwa na Kufutwa

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwahamisha wasemaji wa Kinyarwanda kutoka Rwanda, iliyokuwa chini ya udhamini wa Ubelgiji, na kuwapeleka katika milima ya Masisi. Mpango huo, uliojulikana kama Mission d'Immigration des Banyarwanda, uliendelea hadi mwaka 1955. Ulikuwa na makusudi mawili: kupunguza msongamano na njaa nchini Rwanda, na kuwapatia walowezi wa Kivu nguvukazi ya mashamba makubwa. Makumi ya maelfu ya watu walihamishwa.

Wahamiaji walipoongezeka, serikali iliwaundia utawala wao katika ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa Wahunde kwa makubaliano na fidia ambazo baadaye zilileta ubishi mkubwa. Huo ndio mwanzo wa sheferi ya Gishari. Ilikuwa na mkuu wake msemaji wa Kinyarwanda, na mkuu wake wa mwisho alikuwa Wilfrid Bucyanayandi. Kwa mujibu wa mfumo wa 1933, ilikuwa pia na zana za kila sheferi: fedha, mahakama na daftari la watu. Kwa Wahunde, sheferi hiyo ilikuwa kipande kilichomegwa kutoka katika ardhi ya mababu. Kwa wahamiaji, ilikuwa ndiyo anwani yao ya kisheria katika nchi ngeni.

Mwaka 1957 Gishari ilifutwa, na ardhi yake ikarudishwa chini ya mamlaka ya wakuu Wahunde. Mwaka huohuo, tarehe 10 Mei, ilitolewa amri mpya ya kupanga upya maeneo ya utawala wa wenyeji na kuyapa mabaraza yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo kufutwa kwa Gishari kulitokea wakati ambapo sheferi zilizobaki zilikuwa zinaongezewa uzito. Mtu aliyekuwa ndani ya sheferi yake mwaka 1956 alijikuta mwaka uliofuata akiwa mgeni katika sheferi ya wengine, ingawa hakuwa amehama hata hatua moja.

Inafaa kuangalia kwa makini nini hufuata sheferi inapofutwa. Fedha huweza kuhesabiwa na kuhamishwa kwa siku moja. Kesi zilizo mbele ya mahakama huweza kupelekwa kwa hakimu mwingine. Daftari la watu ni tofauti, kwa sababu thamani yake haiko katika karatasi bali katika mamlaka inayosimama nyuma ya karatasi hiyo na kusema kwamba ni ya kweli. Sheferi inayopokea watu inaweza kuyachukua majina yao bila kukubali tarehe zao za kuingia, hadhi zao wala haki zao za ardhi. Kama amri ya kufuta haisemi wazi kwamba maandishi ya ofisi iliyofutwa yataendelea kuwa na nguvu ya ushahidi, maandishi hayo hugeuka kuwa karatasi tu. Mwaka 1957 suala hilo halikuonekana kuwa kubwa, kwa kuwa afisa wa kikoloni aliyeamua mambo alikuwa bado yupo ofisini. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru, na afisa huyo akaondoka.

4.0 Karatasi Kama Ushahidi wa Uraia

Baada ya uhuru mipaka ilibadilika kwa kasi. Mwaka 1962 Kivu Kaskazini ilifanywa jimbo dogo lenye serikali yake, na katika miaka ya 1963 hadi 1965 Masisi na maeneo jirani yalishuhudia mapigano yaliyopewa jina la vita vya Kanyarwanda. Mwaka 1966 jimbo hilo lilirudishwa ndani ya Kivu iliyounganishwa. Sheria ya Januari 1973 ilibadilisha majina ya ngazi za utawala na kujaribu kuwahamisha wakuu wa mila kutoka katika maeneo yao wenyewe, kana kwamba walikuwa watumishi wa kawaida wa serikali. Jaribio hilo lilishindwa. Mwezi Julai 1988 Kivu ikagawanywa tena, safari hii kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Katika muda wa miaka 26, basi, makao makuu ya kijimbo ambayo ofisi ya Masisi au Walikale ilipaswa kuyapelekea taarifa zake yalihama mara tatu.

Mabadiliko hayo yangekuwa usumbufu wa kiofisi tu kama sheria ya uraia isingefungamanishwa na tarehe. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950 na walioendelea kuishi humo. Ikumbukwe kwamba mpango wa uhamisho uliendelea hadi 1955. Tarehe iliyochaguliwa ilipita katikati ya mpango huo. Familia mbili zilizoletwa na ofisi ileile na kupewa mashamba yaliyopakana ziliweza kuwa katika pande mbili za sheria, moja raia na nyingine la, kwa tofauti ya miezi michache. Uamuzi wa nani yuko upande gani ulitegemea tarehe iliyoandikwa na karani. Na kwa wakazi wengi wa Masisi, karani huyo alikuwa mtumishi wa sheferi ambayo haikuwapo tena.

Ugumu mwingine ulijitokeza mwaka huohuo wa 1972. Serikali ya Mobutu, katika siasa yake ya kurudi kwenye asili, ilipiga marufuku majina ya Kikristo na kuwataka wananchi wachukue majina ya asili. Mtu aliyeandikwa kwa jina la ubatizo katika miaka ya 1940 alilazimika kuwa na jina jingine katika hati zake mpya. Hivyo katika mwaka mmoja serikali ilimtaka mwananchi athibitishe kwamba yeye ndiye aliyetajwa katika daftari la zamani, na ikamwondolea jina ambalo daftari hilo lilimtaja nalo. Hakuna ithibati kwamba mambo hayo mawili yalikusudiwa kugongana. Yaliamuliwa kwa malengo tofauti, na hakuna aliyepewa kazi ya kuyalinganisha.

Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ilikwenda mbali zaidi. Iliufunga uraia wa asili na jamii zilizokuwa katika ardhi ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Tofauti kati ya tarehe hizo mbili ni muhimu kwa mwanahistoria wa zana. Swali la 1950 lingeweza, angalau kinadharia, kujibiwa na daftari. Swali la 1885 halikuweza kujibiwa na daftari lolote, kwa kuwa mwaka huo hapakuwa na ofisi ya kuandika watu Masisi wala Walikale. Serikali ilikuwa imechagua kigezo kisichokuwa na chombo cha kukipima. Nafasi iliyoachwa wazi na daftari ikajazwa na masimulizi ya kila upande kuhusu nani alitangulia kufika.

Katika hali hiyo ndipo lilipofanyika zoezi la kuwatambua raia mwaka 1991, nchi ikiwa inajiandaa kwa siasa ya vyama vingi. Kuandikwa au kutoandikwa kulikuwa na maana ya kupiga kura au kutopiga, na hatimaye ya kumiliki ardhi au kufukuzwa. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi na kugharimu maisha ya maelfu ya watu wa jamii zote. Itakuwa kosa kusema kwamba daftari ndilo lililosababisha mauaji hayo. Ardhi, uongozi wa mila na ushindani wa kisiasa vilikuwa na nguvu zaidi. Lakini daftari lenye kuaminiwa na pande zote lingekuwa mojawapo ya vitu vichache ambavyo wangeweza kuvirejea kabla ya kushika silaha, nalo halikuwapo. Vita vya 1996 na 1998 viliharibu ofisi nyingi za mashariki ya nchi na kuongeza pengo hilo.

5.0 Lugha na Tahajia

Kwa wanafunzi wa lugha, upo upande mwingine wa suala hili. Daftari la Kivu liliandikwa kwa Kifaransa, lakini mazungumzo yaliyolijaza yalifanyika kwa Kiswahili baina ya karani na mkazi, na majina yaliyoandikwa yalikuwa ya Kihunde, Kinyanga, Kikano, Kitembo au Kinyarwanda. Jina moja lilipita katika lugha tatu kabla ya kufika kwenye karatasi.

Mifano iko wazi katika majina ya maeneo yenyewe. Gishari huandikwa pia Gishali, kwa kuwa r na l haziko mahali pamoja katika lugha za eneo hilo. Wanyanga huonekana katika hati kama Wanyanga, Wanianga na Banyanga. Kiambishi wa- ni cha Kiswahili, ba- ni cha lugha ya wenyewe, na herufi ni mahali pa ny ni mazoea ya mwandishi wa Kifaransa. Sekta ya Osso huandikwa mara kwa s moja na mara kwa mbili. Msomaji aliyezoea hutambua kwamba ni mahali pamoja. Mashine iliyoamriwa kutafuta herufi zinazolingana haitambui.

Tahajia zinapotofautiana ndani ya ofisi moja, karani mwenye uzoefu huzisawazisha kwa kichwa chake. Ofisi mbili zinapounganishwa, karani mmoja huondoka na ujuzi wake, na tofauti zilizokuwa za tahajia hugeuka kuwa tofauti za watu: mtu mmoja huonekana wawili, au watu wawili huonekana mmoja. Tatizo hili linahitaji kazi ya kiisimu inayojulikana vyema, yaani jedwali la ulinganisho linaloonyesha kila jina la mahali, maandishi yake yote na mabadiliko yake ya kiutawala. Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Daraja kati ya msemaji na daftari lingepaswa kuanzia hapo.

6.0 Kompyuta Bila Msingi

Zana za elektroniki ziliingia kwa wingi kupitia uchaguzi. Mwaka 2005 Tume ya Uchaguzi ilisambaza nchini vifaa vyenye kompyuta ndogo, kamera na kisoma alama za vidole, na kuandikisha wapiga kura zaidi ya milioni 25. Kazi hiyo ilikuwa ya kustaajabisha katika nchi ambayo sensa yake ya mwisho ya watu ilikuwa ya mwaka 1984. Kadi ya mpiga kura ilikubaliwa pia kuwa kitambulisho cha muda. Maandikisho mengine yalifuata kwa ajili ya uchaguzi wa 2011, wa 2018 na wa 2023, na ule muda ukawa mrefu.

Kwa mtazamo wa tawala za mitaa, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, mwenye daftari hilo ni Tume ya taifa, si sekta wala sheferi. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu maeneo yenye mamlaka ya ndani inazitambua sekta na sheferi kuwa na hadhi ya kisheria na bajeti zao, lakini chombo bora zaidi cha kuwatambua wakazi wao hakiko mikononi mwao. Pili, kadi inamtambulisha mtu pia kwa asili yake, kwa kutaja sekta au sheferi. Orodha ya maeneo ambayo kompyuta inaweza kuyakubali ni ile ya maeneo yaliyopo kisheria. Sheferi iliyofutwa mwaka 1957 haimo. Kwa hiyo mtu ambaye babu yake aliandikwa Gishari hulazimika kutaja eneo jingine, na kwa kulitaja huingia katika ubishi wa kama eneo hilo linamkubali. Mashine haikuumba ubishi huo, ila imeufanya usiweze kukwepeka, kwa kuwa nafasi ya kujaza haina mahali pa kuandika maelezo.

Uundaji wa maeneo mapya uliongeza utata. Amri za serikali za mwezi Juni 2013 ziliipa miji midogo mingi hadhi ya komuni, ikimegwa kutoka katika sekta na sheferi. Wakuu wa mila waliona kwamba wanapoteza masoko, na pamoja na masoko ushuru. Mfano uliovuma ni wa Minembwe, katika Kivu Kusini, ambako eneo la utawala lilikuwa limeundwa na waasi wa RCD mwaka 1999 na baadaye kufutwa. Meya wa komuni mpya alipoapishwa mwaka 2020, malalamiko yalienea nchi nzima, na mwezi Oktoba mwaka huo Rais Tshisekedi, akiwa Goma, alitangaza kubatilisha hatua hiyo. Mara nyingine tena mpaka ulichorwa na kusimamishwa bila kueleza kumbukumbu za wakazi zingekuwa chini ya nani.

Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini imewekwa chini ya hali ya dharura, na maafisa wa jeshi na polisi wakachukua nafasi za watawala wa kiraia. Wakati wa maandikisho ya 2023, vita na kundi la M23 vilizuia kazi hiyo katika sehemu kubwa ya Masisi, na uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru. Mwezi Januari 2025 M23 iliteka mji wa Masisi na kisha Goma, na kuweka watawala wake. Mwezi Machi iliingia Walikale, ikaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kila badiliko la namna hii ni mageuzi ya utawala wa mitaa kwa nguvu ya silaha, na kila mtawala hutoa vyeti. Vizazi, vifo, ndoa na mauziano ya ardhi haviwezi kusubiri amani.

7.0 Mafunzo na Pingamizi

Mataifa jirani yamekutana na suala hili katika hali ya utulivu zaidi. Tanzania ilifuta halmashauri za wilaya mwaka 1972 katika mpango wa Madaraka Mikoani, ikazirudisha mwaka 1984 baada ya sheria za 1982. Halmashauri zilizorudi zililazimika kuanza upya mambo mengi ambayo zile za awali zilikuwa zikiyafanya. Kenya iliziweka serikali 47 za kaunti mahali pa halmashauri 175 mwaka 2013. Tofauti yake ni kwamba sheria ya 2012 iliunda Mamlaka ya Mpito yenye kazi ya kuorodhesha mali, madeni na watumishi wa halmashauri kabla ya kukabidhiwa. Ubishi juu ya mali haukwisha, lakini palikuwa na chombo chenye jina ambacho mwananchi angeweza kukiuliza. Masisi na Walikale hazikuwahi kuwa na chombo cha namna hiyo.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba tatizo la Kivu ni la kisiasa, na kwamba daftari bora haliwezi kuleta maafikiano yasiyokuwapo. Hili ni kweli, lakini maafikiano nayo huhitaji mahali pa kuandikwa. Sheria ya uraia ya Novemba 2004, iliyorudi kwenye kigezo cha uhuru wa 1960 na kuachana na kile cha 1885, ilikuwa hatua kubwa ya kisiasa. Utekelezaji wake vijijini umebaki kutegemea ushahidi ambao haukuhifadhiwa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Daftari linalotaja kabila au asili linaweza kuwa silaha. Rwanda ya 1994 ilionyesha jinsi kitambulisho kilichoanzishwa na wakoloni katika miaka ya 1930 kilivyotumiwa vizuizini kuchagua wa kuuawa. Kwa hiyo si kila kumbukumbu inayopotea ni hasara, na si kila daftari linalohifadhiwa ni faida. Jibu lililopo ni kutenganisha mambo ambayo daftari la Kivu limeyachanganya tangu mwanzo. Kuzaliwa, makazi na matumizi ya ardhi vinahitaji kuandikwa, kwani bila maandishi mnyonge hana la kuonyesha. Asili ya kabila haihitajiki ili mtu aandikishiwe mtoto wake au shamba lake.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba kila mageuzi ya mipaka katika Masisi na Walikale, kuanzia 1933 hadi leo, yalikuwa pia mageuzi ya teknolojia, hata pale wahusika hawakuyaita hivyo. Kufutwa kwa Gishari, kuhamishwa mara kwa mara kwa makao makuu ya jimbo, mabadiliko ya majina ya 1972, na kuja kwa kompyuta za uchaguzi vilifanywa bila kuunganishwa, na kila hatua ilirithi mapengo ya ile iliyotangulia.

Kutokana na historia hiyo, amri yoyote ya kuunganisha, kugawanya au kufuta eneo la utawala inapaswa kueleza mambo manne: nani atatunza madaftari ya ofisi inayofungwa, nakala zitawekwa wapi, mbali na mahali penye hatari, majina ya zamani ya maeneo yatalinganishwaje na mapya, na kwamba hati iliyotolewa kihalali na ofisi iliyofutwa inaendelea kuwa ushahidi mpaka ikanushwe. Sharti la nne ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linauondoa mzigo kwa mwananchi na kuurudisha kwa serikali iliyobadilisha mipaka. Baada ya matukio ya 2025, mamlaka yoyote itakayosimamia Masisi na Walikale itakuta vyeti vya mihuri mbalimbali mikononi mwa watu, na itabidi iamue ni vipi vitakavyokubaliwa. Kwa mtoto aliyezaliwa humo katika miaka hii, uamuzi huo utakuwa na uzito uleule ambao tarehe ya 1950 ilikuwa nao kwa wakazi wa Gishari.